Turubai la kivuli juu ya boti linakula mwendo kiasi gani? Nimepima na kupiga hesabu, karibuni tujadiliane

#1 Fundi wa Faiba, Unguja

Habari za jioni, wana jukwaa. Mimi ni fundi wa boti za faiba, na kwa miaka kadhaa sasa kazi ninayoletewa zaidi, baada ya kuziba nyufa, ni kufunga mapaa ya turubai kwa ajili ya kivuli cha abiria na wageni. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya malalamiko ambayo nimeyasikia mara nyingi mno, na ambayo mwezi huu yaliniletea mgogoro na mteja wangu mwenyewe: kwamba boti ilikuwa ikikimbia vizuri, ikafungwa turubai, na tangu siku hiyo mwendo umekufa.

Mteja huyo ana boti ya mita 8 yenye mashine moja ya nguvu za farasi 60, na safari zake ni kupeleka wageni kutoka Nungwi kwenda kisiwa cha Mnemba. Alifungiwa paa lenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 2, juu ya nguzo 6 za bomba la chuma la inchi 1, na akaomba nyuma kuwe na pindo la kuning'inia la sentimita 60 ili jua la alasiri lisimpige mshika usukani mgongoni. Baada ya wiki mbili akarudi akisema kwamba boti imepoteza noti 3, yaani zaidi ya kilomita 5 kwa saa, na kwamba mafuta yanakwisha kabla ya wakati. Alitaka paa lote ling'olewe. Nilimwomba anipe siku moja na boti yake, mafuta nikatia mimi, tukatoka kupima.

Kabla ya vipimo, naomba nieleze jambo ambalo wengi wetu tunalijua kwa mwili ila hatujalitia kwenye hesabu. Upepo unaolipiga turubai ni mwendo wa boti ukijumlishwa na upepo unaotoka mbele. Boti ikienda noti 20 asubuhi bahari ikiwa shwari, turubai linakutana na upepo wa noti 20. Boti hiyo hiyo ikienda noti 20 dhidi ya Kusi, upepo wa msimu utokao kusini, la noti 15, turubai linakutana na noti 35, ambazo ni kama kilomita 65 kwa saa. Nguvu ya upepo nayo haiongezeki sawa kwa sawa na mwendo: mwendo ukizidi maradufu, nguvu huzidi mara nne. Kwa hali ya hewa yetu ya joto, upepo wa noti 20 unasukuma kila mita moja ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 6, na upepo wa noti 35 unasukuma mita hiyo hiyo kwa nguvu ya kilo 19. Hiyo ni mara tatu, kwa turubai lile lile na mkono ule ule kwenye gesi. Kutoka Nungwi kwenda Mnemba wakati wa Kusi unakwenda na pepo za omo, yaani za mbele, karibu njia nzima, kwa hiyo mteja wangu hakuwa akisema uongo, ila alikuwa akilipima turubai lake katika hali mbaya kuliko zote.

Sasa tulichopima. Tulitoka alfajiri, wakati wa umande, bahari imelala. Tulikuwa watu watatu, tangi likiwa nusu, gesi hadi mwisho, na kila kipimo tulikirudia kwenda na kurudi ili mkondo wa maji usitudanganye, kisha tukachukua wastani wa GPS. Turubai likiwa limevuliwa na nguzo zikibaki, boti ilikwenda noti 22.4. Turubai likiwa limefungwa na pindo la nyuma limekunjwa, ilikwenda noti 22. Pindo likiteremshwa, noti 21.2. Tofauti hizo ni ndogo kiasi kwamba abiria hawezi kuzihisi. Tulirudia alasiri, upepo wa Kusi ukiwa umeshika kasi, safari hii tukipima upande mmoja tu, uso kwa uso na upepo: bila turubai noti 20.8, turubai bila pindo noti 20.3, turubai na pindo noti 18.5.

Naomba mwangalie tarakimu hizo kwa makini. Turubai lenyewe, likiwa limekazwa na limelala sawa, lilichukua nusu noti hata dhidi ya upepo. Kipande cha sentimita 60 kilichoning'inia nyuma kilichukua karibu noti 2 peke yake. Nilisimama karibu na mshika usukani nikiliangalia turubai lilivyokuwa likifanya pindo lile lilipoteremshwa: upepo uliingia chini ya paa kwa mbele, ukafika nyuma, ukakuta ukuta, na turubai lote likajaa na kuvimba kama tanga lililokamatwa na upepo, mishono ikilia na kamba za pembeni zikitetemeka kama nyuzi za udi. Nilipoweka kiganja juu ya bomba la nyuma nilihisi likivutwa nyuma kwa nguvu ambayo mtu mmoja asingeweza kuishikilia kwa muda mrefu.

Hesabu inakubali. Pindo la mita 2 kwa sentimita 60 ni mita za mraba 1.2. Kwa kuwa kitu bapa kinachokinga upepo hukokota kuliko eneo lake halisi, tuzidishe kwa 1.2, kisha kwa kilo 19. Tunapata kilo 27 zinazoivuta boti nyuma. Ili kuzishinda kilo 27 kwa mwendo wa noti 20 kunahitajika nguvu za farasi zinazokaribia 4 ndani ya maji, na kwa kuwa rafadha, au panga kama tunavyoiita huku, hupoteza karibu nusu ya nguvu ya mashine, mashine inalipa farasi 7 na nusu. Katika mashine ya 60 hiyo ni moja ya nane, na imekwenda kwenye kipande cha kitambaa.

Kuna jambo la pili lililonishangaza mimi mwenyewe, fundi niliyedhani ninalijua paa la boti. Nilizipigia hesabu nguzo. Nguzo 6 zenye unene wa milimita 34 na urefu wa mita 1.9 zina uso wa jumla wa karibu mita ya mraba 0.4, na bomba la mviringo hukokota upepo karibu kama ubao bapa. Dhidi ya noti 35 nguzo hizo zinaweza kuvuta hadi kilo 9, wakati ukingo wa mbele wa turubai lililokazwa, ambao unene wake pamoja na bomba hauzidi sentimita 5, unavuta kama kilo 2. Kwa maneno mengine, turubai lililofungwa vizuri linakokota upepo kidogo kuliko fremu iliyolibeba, na mtu anayevua turubai akaacha nguzo amebaki na sehemu kubwa ya mzigo wake.

Mteja wangu nilimkatia pindo lile nikamwekea zipu, analivaa akiwa ametia nanga na kulivua akiondoka. Paa halikung'olewa. Ningependa kusikia kutoka kwa manahodha na mafundi wengine, hasa wanaotumia boti ndefu zaidi au mashine ndogo zaidi.

#2 Nahodha wa Mokowe, Lamu

Shukrani, fundi, kwa uzi ulioshiba. Mimi ninabeba abiria, si wageni, na boti yangu ina pazia za plastiki pande zote mbili kwa sababu akina mama wenye watoto wachanga hawawezi kurushiwa maji ya chumvi njia nzima. Kati ya Mokowe na Lamu sioni tofauti yoyote, safari ni fupi na maji yamekingwa. Shida yangu ni ninaporudi kutoka Kizingitini wakati wa Kusi. Ndani ya mlango wa Mkanda, ambako mikoko inazuia upepo, boti inakwenda vyema, lakini nikiwa upande wa wazi boti inavutwa, na zaidi ya kuvutwa inakwenda mshazari. Inanibidi nishike usukani umepinda muda wote. Je, hizo pazia zinakula mwendo kama lile pindo lako?

#3 Fundi wa Faiba, Unguja

Nahodha wangu, pazia za ubavuni ni habari nyingine. Upepo ukiwa wa mbele moja kwa moja, pazia zilizokazwa hazidhuru sana, kwani upepo unapita sambamba nazo. Shida huanza upepo unapokuja kwa pembe. Chukua pazia la mita 3 kwa mita 1.2: dhidi ya upepo wa ubavuni wa noti 20, pazia hilo linasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 27, na nguvu hiyo inakaa juu, kama mita moja na nusu kutoka majini. Kuinama kwa boti kunakoletwa na hali hiyo ni sawa na abiria wa kilo 60 kusogea kuelekea demani, yaani upande upepo unakoelekea, kwa karibu sentimita 70. Boti haitapinduka kwa hilo peke yake, lakini itaegemea upande mmoja, tumbo lake halitapanda juu ya maji kama inavyostahili, nawe kwa kushika usukani umepinda unaifanya mashine isukume mshazari. Mwendo wako unaliwa mara tatu: na upepo wenyewe, na mwili wa boti unaokwenda upande, na mashine iliyogeuzwa.

Ushauri wangu ni kwamba pazia zako uzigawe vipande viwili kila upande, na ukiwa nje ya Mkanda ukunje zile za demani, kwa kuwa maji hayaruki kutokea huko. Upepo ukiingia joshi, yaani upande unakotoka, upate pa kutokea. Pazia zikifungwa pande zote mbili boti inakuwa sanduku, na sanduku ndilo linalokupeleka mshazari.

#4 Mchangiaji wa Pangani

Mleta uzi, nakubaliana na vipimo vyako ila naona umesahau upande mmoja. Babu zetu walivuka kwa tanga. Kama turubai linavuta nyuma upepo ukiwa wa omo, basi upepo ukiwa wa tezi, yaani wa nyuma, linasukuma mbele, na mwisho wa siku mtu aliyekwenda na kurudi amelipwa alichopoteza. Kwa nini basi tuhangaike?

#5 Fundi wa Faiba, Unguja

Hoja yako ni nzuri na ningetamani ingekuwa kweli. Tuifuate kwa hesabu ile ile. Boti inayokwenda noti 20 na upepo wa tezi wa noti 15 bado inaupita upepo kwa noti 5, kwa hiyo turubai bado linavuta nyuma, ingawa kidogo sana. Ili upepo uisukume boti lazima uwe na kasi kuliko boti, na boti zetu za mashine kubwa haziruhusu hilo ila siku ambazo hatupaswi kuwa baharini kabisa. Kwa hiyo ukienda na kurudi hulipwi. Unapoteza nyingi ukienda, na ukirudi unapoteza kidogo.

Kwa boti ya taratibu, inayokwenda noti 6, upepo wa tezi wa noti 20 unaisukuma kwa noti 14, na hapo babu zetu walikuwa sahihi. Lakini hata huko angalia: nguvu ya noti 26 ukienda bisho, yaani dhidi ya upepo, ni zaidi ya mara tatu ya nguvu ya noti 14 ukirudi. Dau lilikuwa likishusha foromali, ule mti unaobeba tanga, na kukunja tanga upepo ulipolikataa. Turubai lenye fremu ya chuma na kamba za kudumu halikunjwi, linabaki juu linapokufaa na lisipokufaa.

#6 Mama wa Boti, Kizimkazi

Nawashukuru nyote. Mimi ni mwanamke ninayemiliki boti mbili za kuwapeleka wageni kuona pomboo, na naomba kusema jambo kwa niaba ya wale wanaokaa chini ya turubai. Nilivua mapaa yote mawili msimu mmoja kwa sababu nahodha wangu alisisitiza kwamba mafuta yanapotea. Mafuta yalipungua kidogo, ni kweli. Lakini wageni walirudi wameungua mabega, mzee mmoja alizidiwa na jua tukamlaza chini kwenye sakafu ya boti tukimmwagia maji ya kunywa kifuani, na baharia wangu kijana, ambaye anakaa juani tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane, alianza kuumwa kichwa kila jioni. Nilirudisha mapaa, sijutii, wala sitayavua tena. Swali langu kwa fundi ni hili: paa likibaki, nifanye nini ili lisivute? Langu lina tumbo katikati, mvua ikinyesha maji yanakaa, na nahodha anasema omo, mbele ya boti, inanyanyuka kuliko zamani.

#7 Fundi wa Faiba, Unguja

Mama, shikamoo, na pole kwa yule mzee. Umesema lililo moyoni mwangu. Sikufungua uzi huu ili watu wavue vivuli vyao. Nimeona mafundi wakubwa kunizidi wakipata mabaka machoni na kwenye ngozi kwa jua la baharini, na baharia hana mahali pengine pa kujificha.

Tumbo la turubai lako ndilo adui wa kwanza. Turubai lililolegea hujaa upepo kwa chini, likavimba juu, na umbo hilo la bawa linainua na kuvuta kwa pamoja. Vilevile linashika maji: sentimita 1 ya maji juu ya paa la mita za mraba 6 ni lita 60, yaani kilo 60 zimewekwa juu ya vichwa vya wageni, mahali pabaya kuliko pote kwa utulivu wa boti. Mwambie fundi wako apitishe fito tatu au nne za kukingama, kila moja imepinda kidogo ili paa liwe na mgongo katikati na maji yateremke pembeni, na ashone mfuko wa kila fito ili turubai lisipate nafasi ya kupanda na kushuka. Kamba za kukazia zipitishwe kwenye pete za shaba kila sentimita 25 au 30, kwa kuwa zikiwa mbali ukingo unapigapiga, na ukingo unaopigapiga unakokota upepo na kujichana wenyewe.

La pili ni mlalo. Wengi hufunga paa likiwa juu kwa mbele na chini kwa nyuma, eti wageni wapite wamesimama. Paa la namna hiyo linaumeza upepo. Mtazamo wa mtu aliyesimama gatini haukusaidii hapa, kwa sababu boti inapokimbia omo hunyanyuka, na paa lililokuwa sawa gatini linakuwa limeinua uso. Toka baharini, endesha kwa mwendo wako wa kawaida wa safari, mwambie mtu kwenye boti nyingine akupige picha kwa ubavuni, kisha ulinganishe ukingo wa paa na mstari wa upeo wa bahari. Paa linatakiwa kulala sambamba na upeo katika mwendo huo, au kuinamisha uso kidogo sana kwa mbele. Likiinama mno nalo linageuka kuwa mzigo, maana upepo unalikandamiza chini.

Kuhusu omo kunyanyuka, nahodha wako yuko sahihi na sababu yake ni rahisi kuiona. Mashine inasukuma chini, majini. Turubai linavuta nyuma kutoka juu. Kilo 27 zinazovuta nyuma zikiwa mita 2 na nusu juu ya rafadha zinafanya kazi sawa na kumhamisha mtu wa karibu kilo 68 kutoka alipokaa na kumsogeza mita moja kuelekea tezi. Kabla ya kulaumu chochote kingine, sogeza kasha la barafu na madumu ya mafuta mbele, upime tena.

#8 Mvuvi wa Ukerewe

Huku Ziwa Victoria boti zetu ni za mbao, mashine ni ya farasi 15, na baadhi ya boti za abiria zina paa la bati. Je, bati ni afadhali kuliko turubai? Mizigo nayo tunaiweka juu.

#9 Fundi wa Faiba, Unguja

Ndugu yangu, kwa upande wa upepo bati ni afadhali, kwa sababu halivimbi. Kwa upande wa uzito inategemea limebebwa na nini. Bomba la chuma la inchi 1 lina uzito wa kilo 2.4 kwa mita, kwa hiyo fremu ya mita 30 ni kilo 72 kabla hujaweka hata bati moja, yaani abiria mmoja mzima anayesafiri bure kila siku akiwa amesimama juu ya paa. Bomba la alumini la milimita 32 lenye unene wa milimita 2 ni nusu kilo kwa mita. Tofauti ya bei inauma mwanzoni, najua, na alumini inahitaji fundi anayejua kuichomelea.

Mizigo ya juu naomba muiteremshe. Mashine ya farasi 15 haiwezi kuipandisha boti nzito ya mbao juu ya maji, kwa hiyo boti inalima maji, na hapo kinachotawala mwendo ni urefu wa boti yenyewe. Boti yenye mita 9 majini hufika noti 7 na kidogo, baada ya hapo inajichimbia kwenye wimbi lake hata ukiongeza gesi. Ziwa likiwa shwari, paa halitaonekana kwenye mwendo. Siku ya upepo wa mbele ni tofauti, kwani mashine yako haina akiba: magunia mawili yaliyosimama juu ya bati pamoja na paa lenyewe yanaweza kukuvuta kwa kilo 20, na kwa mashine ndogo hizo ni nyingi kuliko kwa mteja wangu wa Nungwi mwenye farasi 60. Halafu uzito huo uko juu, katika boti inayoyumba.

#10 Nahodha wa Mokowe, Lamu

Nimekunja pazia mbili za demani kama ulivyosema, nikatoka Kizingitini jana na watu 11. Usukani umenyooka zaidi, hilo nalithibitisha. Mwendo sikuupima. Ila mashine inazunguka mara 4,700 kwa dakika gesi ikiwa mwisho, wakati kitabu chake kinataka 5,000 hadi 6,000. Hili nalo ni la turubai?

#11 Fundi wa Faiba, Unguja

Sehemu tu ndiyo ya turubai. Kabla ya lolote ipandishe boti mchangani, uangalie tumbo. Makome na ukoga wa mwezi mmoja vinakokota kuliko paa lolote, kwa sababu maji ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800. Likishakuwa safi, pima tena ukiwa na abiria wako wa kawaida na pazia zako za kawaida. Mizunguko ikiwa bado iko chini ya 5,000, badilisha panga uweke lenye pichi ndogo (pichi ni umbali ambao panga lingesonga mbele kwa mzunguko mmoja): kila inchi 1 ya pichi unayoipunguza hurudisha mizunguko kati ya 150 na 200. Kwa mizunguko 4,700 ningeanza na inchi 2. Lichague panga ukiwa umefunga paa na umejaza watu, kwa sababu hivyo ndivyo unavyosafiri, na mashine inayolemewa siku zote huku gesi ikiwa mwisho haifiki umri wake.

Ukishapima, tafadhali rudi utuandikie ulichokiona, kabla na baada ya kusafisha, pazia zikiwa juu na zikiwa chini, na utaje upepo ulikuwa wa wapi.